Naomba ushauri: Makundi matatu, baa moja, usiku mmoja. Nipange vipi?

MjiKasoroBahari aliandika:

Habari za jioni, wanajamvi. Ninamiliki baa ndogo hapa Morogoro yenye ua wa nyuma unaochukua watu mia moja na ishirini hivi, viti vikibanwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nimealika makundi matatu yapige muziki wa jukwaani: bendi ya dansi yenye watu kumi na mmoja, kikundi cha taarabu cha akina mama, na vijana wawili wa singeli pamoja na DJ wao. Mji huu wazee wetu waliwahi kuugawana kati ya mashabiki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, nami ninatamani angalau usiku mmoja watu watoke nyumbani kwa ajili ya wapigaji na si kwa ajili ya mpira wa runinga.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita nilijaribu kwa bendi mbili nikaaibika. Ya kwanza ilitakiwa kushuka saa nne, ikashuka saa tano kasoro robo. Ya pili ilikuja na dramu zake na amplifaya zake, ikatumia dakika hamsini kufunga vyombo, huku fundi akirudia "moja, mbili, haloo" mpaka mteja mmoja wa kaunta akaanza kumjibu "tatu, nne". Meza saba zililipa na kuondoka kabla ya wimbo wa kwanza. Kwenye wimbo wa nne friji ilijiwasha, swichi kuu ikajikata, na ua mzima ukawa giza. Asubuhi yake bibi jirani wa ukuta wa nyuma alikuwa ameshafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nani atangulie na nani afunge? Jukwaa nilibadilishe vipi bila kuwapoteza wateja? Na malipo yaweje?

FundiMitambo alijibu:

Mkuu, pole. Wanamuziki hawana kosa kubwa hapo. Kosa ni seti mbili za vyombo kwenye jukwaa moja. Waite viongozi wa makundi yote wiki moja kabla, mkubaliane kutumia dramu moja, amplifaya moja ya besi na mbili za magitaa, kisha kila mpigaji aje na gitaa lake, vijiti vyake na matoazi yake akipenda. Kinanda cha taarabu kiwekwe pembeni tangu mchana na kisiguswe.

Kupima sauti kuende kinyumenyume: atakayepiga mwisho ndiye apime kwanza, saa nane mchana, na atakayefungua apime wa mwisho, ili watu wakianza kuingia vyombo vyake viwe tayari vimekaa mahali pake. Kila kundi likimaliza kupima, piga picha ya mikisa kwa simu, maana vile vitufe vikishachezewa hakuna anayekumbuka vilikuwa wapi. Ukifanya hivyo mabadiliko hayatazidi dakika kumi na tano.

Kuhusu umeme, mwite fundi mwenye leseni akutenganishie njia ya jukwaa na ile ya friji na jiko la chipsi. Na LUKU iwe na uniti za kutosha. Nimeshuhudia harusi ikizimika bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi.

Kwa mpangilio, mimi ningefunga kwa singeli. Mapigo yake yanavuka 200 kwa dakika, na rumba ikifuata hapo itasikika kama msiba.

MzeeWaTumba alijibu:

Ninatofautiana na fundi kwa hilo la mwisho. Wimbo wa dansi huanza taratibu, waimbaji wakapokezana beti, ndipo magitaa yakachemka na watu wakaingia uwanjani. Mara nyingi dakika nane au kumi zinakwisha hapo. Bendi ya namna hiyo ukiibana katikati ya usiku utakuwa umeilipia nusu ya kazi. Ifunge yenyewe.

Malipo yawe kiasi kimoja kilichokubaliwa, nusu kabla na nusu baada, yaandikwe kwenye karatasi pamoja na saa ya kupanda na saa ya kushuka. Kugawana kiingilio huleta ugomvi wa mlangoni.

MamaMarashi alijibu:

Kaka, waachieni hao akina mama dakika hamsini, kwani nusu saa ni nyimbo tatu tu. Acha njia pana mbele ya jukwaa, kwa maana shabiki wa taarabu hakai kitini: wimbo ukimgusa anainuka kwenda kutunza, na akikuta meza zimezuia njia hela inarudi kwenye pochi. Tuzo hiyo ni ya msanii, baa isiiguse. Tafadhali watafutie chumba cha kubadilishia nguo chenye kioo. Stoo ya kreti si chumba.

KibaliKwanza alijibu:

Ndugu, kabla ya hayo yote pita kwa afisa utamaduni wa manispaa kwa ajili ya kibali, toa taarifa polisi, usome saa zilizoandikwa kwenye leseni yako ya vileo, na uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu ruhusa iwapo nyimbo za watu wengine zitapigwa. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo, na NEMC, baraza la mazingira la taifa, imeshazifungia baa kadhaa. Spika ziupe mgongo ukuta wa jirani, na masanduku ya besi yasiegemee ukuta huo, kwa kuwa besi hupita kwenye tofali hata pale sauti ya mwimbaji isiposikika.

MjiKasoroBahari aliandika:

Ninawashukuru nyote. Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Nilidhani atanifukuza, kumbe taarabu anaipenda na dansi amelicheza ujanani. Kinachomtikisa kitanda, kwa maneno yake, ni "hiyo ngoma ya kukimbizana". Kwa hiyo singeli inafungua saa moja na nusu jioni, bibi akiwa bado macho, taarabu inafuata saa mbili na nusu, na dansi inapanda saa nne kasoro robo.

FundiMitambo, vijana wa singeli wakitangulia, bado wapime sauti mwisho?

FundiMitambo alijibu:

Ndiyo, mkuu. Vipaza sauti viwili na waya wa kompyuta, dakika kumi zinawatosha.