Mng'ao wa infraredi wa anga la juu kutoka Igombe: picha zinatoka nyeusi

Kirumba_77:
Wakuu, nataka kunasa mng'ao hafifu wa infraredi wa anga la juu nikiwa ufukweni Igombe, hapa Mwanza kando ya Ziwa Viktoria. Kamera imeshatolewa kichujio cha ndani kinachozuia infraredi, lenzi f/1.8, mbele kuna kichujio cha nanomita 850. ISO 1600, sekunde 10: weusi mtupu, nyota chache tena zimevimba. Au nitafute kamera ya joto ya mafundi umeme?

fizikia_usiku:
Kamera ya joto iache, mkuu. Inasoma maikromita 8 hadi 14; itakuonyesha mawingu na mvuke wa chini. Huko juu kaboni dayoksaidi inatoa mionzi ya maikromita 15 na naitriki oksaidi 5.3, ila ikishuka inamezwa na hewa nzito ya huku chini. Ndiyo maana hupimwa kutoka angani, kama kinavyofanya chombo cha SABER kwenye setilaiti ya TIMED, iliyorushwa Desemba 2001.

Mng'ao unaoufaa wewe ni wa haidroksili (OH, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja). Kwenye kimo cha kilomita 87 hivi, atomu ya haidrojeni inainyang'anya ozoni oksijeni moja. OH inayozaliwa inatetema kwa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kama mwanga. Sehemu kubwa iko nje ya uwezo wa sensa ya silikoni, inayoishia karibu nanomita 1,100. Hicho kidogo kilichobaki usikibane: toa kichujio cha 850, weka cha 720 kinachopitisha mwanga zaidi.

Igombe_Gizani:
Nyota zimevimba kwa sababu fokasi ya infraredi haiangukii pale pa mwanga wa kawaida. Funga kichujio kwanza, kuza nyota kali kwenye skrini, ndipo ufokasi. ISO 3200, sekunde 25, picha 20 mfululizo. Kisha 10 lenzi ikiwa na kifuniko, muda uleule, na kwenye programu ya picha uziondoe kutoka kwa zile 20. Vidoti vya joto la sensa vinadanganya sana.

Elekeza kaskazini, nyuzi 20 hadi 30 juu ya ziwa. Jiji linabaki mgongoni, na kwa mshazari unapita kwenye mng'ao mwingi kuliko utosini.

Tatizo: giza la mwezi unalolitaka ndilo wanalolisubiri wavuvi wa dagaa. Taa za LED kichujio kinazififisha. Karabai haififii, infraredi yake ni nyingi mno. Ukiiona mbele yako, hama.

Kirumba_77:
Asanteni. Michirizi ya mng'ao huo ikitokea kwenye picha, nitaitofautishaje na wingu?

fizikia_usiku:
Tazama nyota. Wingu linazifuta, kwenye michirizi ya OH zinabaki kali vilevile. Na radi ikimulika mbali ziwani usifunge mizigo: dhoruba hurusha mawimbi ya hewa hadi kwenye tabaka hilo, nayo ndiyo yanayochora michirizi. Kagua umande kwenye lenzi kila picha tano.