Naomba ushauri: laptop iliyotumika na kozi ya netiweki, hela niipeleke wapi zaidi?

Wakuu, habari zenu. Nataka kujifunza netiweki hadi nifanye mtihani wa CCNA (cheti cha netiweki cha kampuni ya Cisco), ila bajeti ni moja kwa mashine na mafunzo.

Kwenye laptop nimeikazia macho ThinkPad T480 iliyotumika, toleo la 2018. Ina prosesa ya Intel kizazi cha 8, ambacho Windows 11 inakikubali rasmi (Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025), na RAM yake ina nafasi mbili, kwa hiyo naweza kuanza na GB 8 nikaongeza baadaye. ThinkPad X1 Carbon ni nyepesi na inapendeza, lakini RAM imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza, basi tena.

Wauzaji wote wanasema betri ni "nzima kabisa". Ukiwaomba waendeshe amri ya Windows ya powercfg /batteryreport, inayoonyesha hali ya betri, wakutumie matokeo, kimya. Mbali na betri na nywila ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliyoachwa na ofisi ya zamani, mnakagua nini kabla ya kulipa? Afya ya SSD (diski ya kuhifadhia) mnaipimaje?

Upande wa kozi, Packet Tracer (programu ya Cisco ya kuigiza netiweki) ni bure na Cisco Networking Academy wana masomo ya bure. Kuna darasa la kulipia lenye ofa ya "leo tu", ambayo wiki iliyopita pia ilikuwa leo tu. Je, waliofaulu CCNA, mlihitaji mwalimu, au hela hiyo niiweke kwenye ada ya mtihani na RAM?