MREJESHO: Kufundisha mahojiano na usomaji wa picha maktabani

Wakuu, niliomba ushauri hapa: mimi ni mkutubi wa chuo, natakiwa kufundisha wanafunzi kuhoji watu na kusoma picha, yote katika kipindi kimoja. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Nilifuata ushauri wa kuunganisha mada zote kwenye picha moja. Nilichagua ile maarufu ya mama mhamiaji maskini na watoto wake, aliyoipiga mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange huko California mwaka 1936. Nilificha maelezo yake, wakataja kwanza wanachokiona, kisha wanachokidhani. Nilipowaambia kuwa Lange hakumuuliza mama yule jina, na kwamba mama huyo, Florence Owens Thompson, alikuja kujulikana kwa jina lake mwaka 1978, darasa liliamka. Wakaandika maswali ambayo wangemuuliza, mazuri kweli: "Ilikuwaje mkafika pale?" badala ya "Mlikuwa na njaa?"

Kuhojiana wao kwa wao hakukufanikiwa sana. Wanafahamiana mno, wanajibu kwa mkato. Aliyeshauri wanyamaze kidogo baada ya jibu, ubarikiwe. Hilo limesaidia hata wenye haya. Kuomba ridhaa kabla ya kurekodi bado wanasahau, kwa hiyo nimeliweka juu kabisa ya karatasi ya maswali.