Eti "pima viuno"! Yule mwalimu wa Kiebrania kanivua nguo mbele ya kanisa zima

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa spika kubwa na suti ya kung'aa, ambaye kwake hata ugali asili yake ni Kiebrania.

Semina ya leo ilikuwa mavazi. Eti "coat" ya Kiingereza imetokana na ketonet, lile vazi Yakobo alilomfanyia Yusufu. Eti "suit" ni sut, yaani vazi, ya Mwanzo 49:11. Kwa hiyo Waingereza ni Waebrania waliopotea! Watu wakaitikia "Ameeen" mpaka mabati yakataka kung'oka.

Nikanyoosha mkono, kwa adabu kabisa. Nikasema: mwalimu, "coat" ilipitia Kifaransa cha kale, na shina lake ni la Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani. "Suit" nayo ni Kifaransa, shina lake ni Kilatini sequi, kufuata: nguo zinazofuatana, juu na chini. Kufanana kwa sauti si undugu.

Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. Akasema kwenye maiki: "Fundi, wewe pima viuno vya watu, lugha ya Mungu tuachie sisi."

KWENYE MAIKI, wakuu. Pima viuno!

Kinachoniuma zaidi, ushahidi mzuri upo na yeye kaukanyaga. Ketonet ilisafiri kweli. Wagiriki wana chiton, na jina hilo limo kwenye vibao vya udongo vya Knossos, Krete, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Warumi wana tunica, ambayo wataalamu wengi wanaona asili yake ni ya Kisemiti, jamii ya lugha yenye Kiebrania na Kiarabu, pengine kwa mkono wa Wafoinike, wale wafanyabiashara wa baharini wa kale. Kiingereza kikapata "tunic". Chini ya yote kuna kitambaa chenyewe: Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, ni kitu, Kiarabu kattan, na sisi hapa tunasema kitani! Tena Mwanzo 37, sura ileile ya vazi la Yusufu, Yakobo akidhani mwanawe kaliwa na mnyama, anajifunga saq, gunia. Kigiriki sakkos, Kilatini saccus, Kiingereza "sack". Maneno yalipanda meli pamoja na mizigo. Hiyo ni biashara, si ukoo. Nilikuwa nayo yote mdomoni, nikaambiwa nipime viuno.

mzee_wa_kijiwe: Mkuu punguza munkari. Ila kupima viuno si ndiyo kazi yako kweli? 😂

Mleta uzi: Kasema kwenye maiki! Mama mkwe alikuwa safu ya mbele!

dada_wa_kwaya: Nilikuwepo. Ulisimama kubishana na futi kamba iko shingoni. Ulitegemea nini?

mpenda_maandiko: Jibu na hili basi. Sadin, lile vazi la kitani la Mithali 31:24, si ndiyo satini?

Mleta uzi: Hapana mkuu. Satini hutajwa kuwa imetoka Zaitun, jina ambalo Waarabu waliuita mji wa bandari wa Quanzhou, China. Unaona? Hili lilijibika kwa sentensi moja, bila kumgusa mtu viuno.

mpenda_maandiko: Mwalimu ana upako lakini.

mama_vitenge: Ukimaliza Kiebrania, fundi, tueleze mbona "kesho" yenu haifiki. Kitenge changu kiko kwa fundi tangu Pasaka.

bwana_harusi_mtarajiwa: Afadhali wewe. Wa kwangu nimekutana naye kwenye daladala KAVAA suruali yangu. Ananisalimia!

dada_wa_kwaya: 😂😂😂 Mimi gauni la sendoff lilikuja mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Eti ndiyo fasheni.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu anatukanwa mbele ya watoto wake kwa kusema ukweli, nyie mnaleta mikono ya magauni?

mzee_wa_kijiwe: Mafundi mnateteana.

bwana_harusi_mtarajiwa: Mama vitenge, fundi wako yuko wapi? Isije ikawa ndiye huyuhuyu.

mama_vitenge: Buguruni, nyuma ya sheli. Ana cherehani mbili na redio kubwa.

bwana_harusi_mtarajiwa: NDIYE! Ana mita 12 za sare za kamati yangu. Nani yuko jirani akanichungulilie kama amefungua leo?