Tunakimbia juu tuko na woga, ao tuko na woga juu tunakimbia?

Mwana_Katindo
Bandugu, habari zenu. Niko L1 (mwaka ya kwanza) saikolojia hapa Goma na tuko na intero, mutihani ya prof, siku ya ine. Kuna kitu prof alisema iliniingia kichwa haitoke. Eti Mumarekani moja, William James, aliandika 1884 kwamba hauone dubu, ukaogopa, kisha ukakimbia. Hapana. Unaona dubu, mwili inatetemeka, unakimbia, na vile unasikia mwili inafanya, ile njo woga yenyewe. Auditwari yote ikacheka, na mie nikacheka.

Sasa nilifika kwetu nikakumbuka tarehe 22/5/2021, siku ya posho mangaribi, volkano inatoka. Mbingu yote nyekundu, mama akanifungia mutoto mudogo ku mugongo, yeye akabeba sufuria ya maharagi ingali na moto (mpaka leo sijue alifikiri nini), tukashika njia ya Gisenyi, ngambo ya Rwanda, na miguu. Naapa, mu njia sikusikia woga hata kidogo, nilikuwa nahesabu tu batu ya kwetu, moja mbili tatu mpaka saba, narudilia, moja mbili tatu. Tulipovuka tukaikala chini, njo magoti ikaanza kucheza, meno inagongana, nikalia sawa mutoto. Kama James iko na haki, mbona nilikimbia ile mwendo yote bila woga? Munisaidie, na si juu ya intero tu.

Infirmiye_wa_Himbi
Mudogo, pole na ile siku, siye bote tuliipita. James hakukuwa anasema miguu tu, alikuwa anasema na roho kupiga, pumuzi, tumbo kukaza. Mwaka uliofuata, 1885, munganga moja wa Danemark, Carl Lange, akaleta kitu karibu moja, yeye alikazia mishipa ya damu, njo maana mu silabusi banaandikwaka pamoja.

Lakini usiishie pale. 1927 Walter Cannon, mutu wa sayansi ya mwili, aliipinga sana. Alisema matumbo na vingine vya ndani vinajibu pole pole, na zaidi ya yote mwili inafanya kitu moja kwa mambo mingi: roho inapiga ukiogopa, ukikasirika, hata ukiwa na homa. Mie hiyo naiona kila siku ku kazi. Mugonjwa wa malaria anatetemeka mpaka kitanda inalia, umuulize kama anaogopa, atakuambia niletee bulangeti.

Motari_Ndosho
Mie sikusoma hizi bintu lakini acha niseme. Mutu akikatiza mbele ya pikipiki yangu, nafunga freni, roho inapiga ti ti ti, na pale bado sijue kama nimekasirika ao nini. Naangalia kwanza ni nani. Kama ni mama na mutoto, nasikia woga, naanza kumuomba pole. Kama ni chofere wa taksi, eh, nasikia hasira, namutukana mpaka kwa babu yake. Na roho ilipiga namna moja!!

Infirmiye_wa_Himbi
@Motari weye ni prof 😂 ile njo majaribio ya bana-saikolojia Schachter na Singer, 1962. Bastudenti balipigwa sindano ya adrenalini, banaambiwa ni vitamini. Bengine balielezwa mwili itafanya nini, bengine hapana. Kisha unaingizwa mu chumba na mutu anajifanya ana furaha ya kichaa, ao anajifanya amekasirika. Wenye hawakuelezwa njo balishikwa zaidi na hali ya ule mutu. Kusema mwili inaleta moto, akili njo inaipatia jina. Lakini mudogo andika pia ku intero kwamba 1979 benzao baliirudilia na haikutoka vile, prof atafurahi.

Kadutu_Boy
Huku Bukavu tunawasoma. Mie naamini ile majaribio ya 1974, ya bana-saikolojia Dutton na Aron, daraja ya kamba ya Capilano kule Canada, juu kabisa, inacheza cheza. Musichana anasimamisha bavulana kwa daraja anabapatia namba ya simu. Kwa ile ya kucheza, 9 kwa 18 balimupigia. Kwa daraja nguvu ya mbao, 2 kwa 16. Balichanganya woga na mapenzi. Sasa mie bibi yangu nilimujulia ndani ya boti ya Goma, ziwa ilikuwa na mawimbi mubaya batu banaimba zaburi, na tangu nisome hii naogopa kumuonyesha 😅

Muzee_wa_Birere
Mwanangu Katindo, hakuna mutu amejibu swali yako. Kuna mwana-saikolojia Richard Lazarus, huyu anasema mutu anapima mara mbili: hii kitu ni hatari? na mie naweza fanya nini? Weye ulikuwa na kazi ya kufanya, kuhesabu batu saba. Ulipoikala chini hesabu iliisha, ikabakia hatari peke yake. Mie 2002, lava inapita katikati ya muji, nilivuta kigari ya mufuko ya makala bila kuwaza, nilikuja kutetemeka nikiwa nimekwisha kukula.

Mwana_Katindo
Muzee aksanti sana, hii njo ilikuwa inanikosa. James nitamuandika juu ya prof, Lazarus juu yangu.

Motari_Ndosho
Na maharagi??

Mwana_Katindo
Tuliikula palepale ku barabara, kijiko moja, batu saba. Mama peke yake hakulia ile usiku. Alilia kesho yake tulipofika ku nyumba, akiona kufuli ingali ku mulango.