Naomba ushauri: sumu ya kipindupindu inaponaje ndani ya seli?

Habari zenu wakuu. Nasoma maabara ya tiba, mwaka wa pili, na kuna sehemu ya sumu ya kipindupindu imenigomea kabisa.

Ninavyoelewa, vipande vitano vya B vya sumu hiyo vinanasa kwenye GM1 (mafuta yenye sukari kwenye utando) juu ya seli ya utumbo mdogo, sumu inamezwa, kisha inasafiri kinyumenyume kupitia Golgi (kituo cha kufungasha protini) hadi retikulamu ya endoplazimu (mahali protini zinapokunjwa). Hapo kipande A1, ile sehemu ya sumu inayoleta madhara, kinachomoka na kupita mlango uleule wa protini zilizokunjwa vibaya, zile zinazopelekwa kusagwa kwenye proteasomu. Lakini chenyewe hakisagwi! Kinaenda kuwasha cAMP (molekuli ya kupitisha ishara ndani ya seli), kloridi inamwagika, maji yanafuata. Huko mwisho sina shida.

Notsi na kitabu cha darasani vyote vinaruka hapo mlangoni. Mwenzangu anasema A1 ina laisini (aina ya asidi amino) chache, kwa hiyo haibandikwi ubikwitini, ile alama ya kupelekwa kusagwa, ambayo hubandikwa kwenye laisini. Inaingia akilini, ila nusunusu.

Je, uchache wa laisini peke yake unatosha, au A1 pia inajikunja upya haraka ikishatoka? Na protini ya Gs (swichi ya kuwasha cAMP) ikishakwamishwa na A1, seli ina njia ya kuikwamua, au ni kusubiri utumbo uote seli mpya?

Natanguliza shukrani.