Fizikia Ujerumani: mzee yuko tayari kuuza mtumbwi, nishaurini

DogoKibirizi
Shikamooni wakubwa. Niko Kigoma, nimemaliza kidato cha sita PCM (fizikia, kemia, hisabati), divisheni wani. Nataka fizikia, siyo uhandisi (msianze na "utaajiriwa wapi", nyumbani nimeshaulizwa vya kutosha). Mjomba yuko Ujerumani, anasema vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada. Sawa, ila kabla ya viza lazima uweke euro 11,904 za kujikimu mwaka mzima, unaachiwa 992 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya milioni 30! Mzee, ambaye chenji ya bodaboda huihesabu mara mbili, juzi kasema atauza mtumbwi mmoja, injini na nyavu zake. Na ziwa limefungwa kwa uvuvi hadi katikati ya Agosti, mnunuzi wa sasa atataka bei ya kutupa. Niende, au niombe Chuo Kikuu cha Dar (UDSM)?

Fotoni
Marahaba dogo. Niko mwaka wa tatu fizikia hukuhuku Ujerumani. Kinachotoa watu jasho ni hisabati. PCM ilitufundisha kutafuta jibu. Huku wiki za mwanzo tu unatakiwa uthibitishe kwamba jibu lipo. Kila wiki kuna karatasi ya maswali, na usipofikisha kama nusu ya alama, mara nyingi mtihani hufanyi. Mtihani wa lazima ukiufeli mara ya tatu, kwa kawaida wanakuondoa, na fizikia huisomi tena chuo kingine Ujerumani. Yote hayo kwa Kijerumani. Kazi unaruhusiwa siku 140 kwa mwaka, ila Jumamosi zangu nyingi zimeliwa na zile karatasi.

MamaGungu
Mwanangu, huo mtumbwi ndio ada ya wadogo zako. Umewahesabu? Angalia kwanza kama umo kwenye ufadhili wa Samia, ule wa waliofaulu sayansi. Soma Dar, Ujerumani uende kwa shahada ya pili. Ngazi hiyo kozi za Kiingereza ni nyingi.

Mnyamwezi_TBR
Mama, kwa heshima, napinga. Akimaliza miaka mitatu Dar ataambiwa asaidie nyumbani, safari imekufa.

DogoKibirizi
Mama, wako watatu, mmoja anaingia kidato cha tano. Nimemwomba mzee asiuze chochote kabla ziwa halijafunguliwa. UDSM naomba, Kijerumani naanza kwa intaneti maana Goethe, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar. Kaka Fotoni, unaweza kunitumia karatasi moja ya mwaka wa kwanza, hata ya Kijerumani? Namba nitazielewa.